Nesi na Ndege wa Bwawani

Siku za upepo ndizo alizozipenda. Sisi wengine, upepo ukianza kushuka kutoka msituni, tunafunga madirisha, tunaanua nguo, tunalaumu vumbi linaloingia kwenye unga. Yeye ndipo alipotoka. Ungemwona anateremka njia ya bondeni, kitenge kimefungwa juu ya sweta la kijani, kofia ya sufu imeshuka mpaka masikioni, kamera ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Watu waliokuwa wanapalilia kabichi walinyoosha migongo na kumwamkia. Aliitikia bila kusimama, kama mtu anayewahi basi.

“Watu wanadhani picha ya ndege inataka utulivu,” aliniambia nilipomuuliza. “Siku ya utulivu ndege wako juu, wana nguvu, wanakuona kabla hujawaona. Upepo unawashusha. Wanajibanza kwenye matete, wote wamegeuzia vifua kule upepo unakotoka. Kama ninyi mnavyoelekea kibla.”

Mimi ni Mwislamu, yeye alikuwa Mlutheri, na maneno kama hayo aliyasema bila kicheko, kwa hiyo sikujua kama ananitania.

Kijijini tulimwita Nesi. Alikuwa amestaafu kitambo, na zahanati ilikuwa imeshapata manesi wengine baada yake, lakini ukisema Nesi tu hakuna aliyeuliza ni yupi. Jina lake halisi nililisikia mara moja, likisomwa kwenye mkutano wa kijiji, nikachelewa kutambua kwamba anayeitwa ni jirani yangu. Nyumba zetu zilitenganishwa na mstari wa masale, ile mimea tunayopanda mipakani. Mimi nilikuja kuolewa kule kutoka Mlalo, nikaweka cherehani yangu barazani, na kutoka pale nilimwona akitoka na kurudi miaka yote hiyo.

Bwawani ni bonde dogo lenye maji yasiyokauka, juu kidogo ya njia ya Lukozi, kati ya mashamba ya mboga na msitu. Wazee walilitenga zamani kuwa hifadhi ya kijiji kwa sababu chemchemi za vijiji vya chini zinaanzia pale. Palikuwa na kibao cha bati: usilime, usikate, usilishe. Ndani yake matete yalikuwa marefu kupita mtu, na penye maji ya wazi yalielea maua ya zambarau ambayo sijawahi kuyaona kwingine. Yangeyange walisimama pale kwa mguu mmoja. Mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayewinda viluwiluwi, alikuwa na kijiti chake maalumu, na Nesi alikijua kile kijiti kama sisi tunavyojua kiti cha baba nyumbani.

Mimi nilianza kwenda naye baada ya mimba yangu ya pili kuharibika, ikiwa imeshaanza kucheza. Wote waliokuja kunipa pole walisema Mungu atanipa mwingine. Nesi hakusema hivyo. Alikuja mchana, akavuta kigoda, akachukua viazi vilivyokuwa kwenye sufuria, akavimenya vyote, akaviosha, akaondoka. Kesho yake akaja tena. Alikuja hivyo mpaka viazi vikaisha, ndipo akasimama mlangoni siku moja ya upepo mkali akasema, “Inuka. Jifunge khanga. Twende Bwawani.”

Nilikwenda kwa sababu sikuwa na nguvu za kukataa. Tulipofika alinikalisha nyuma ya kichaka, upande usiopigwa na upepo. Hapo, kwenye tope lenye nyayo za mbuzi wa mtu aliyeiba malisho, vipepeo walikuwa wamekusanyika, weupe na wa manjano, mbawa zimefungwa, wamelala upande upande kama mashua ndogo. Upepo ulikuwa unavunja matete juu yetu, na wao pale chini hawakutikisika.

“Wanafanya nini?” nilinong’ona.

“Wanafyonza chumvi. Ni madume haya, karibu yote. Chumvi hiyo wanaipeleka kwa majike.” Alikuwa ameshalala kifudifudi kwenye majani, mwanamke wa umri ule, kiwiko kimezama topeni. “Sasa nyamaza.”

Nikanyamaza, halafu nikaanza kulia. Nililia kilio ambacho sikuwa nimekilia msibani mwangu, cha sauti, mpaka kifua kikauma. Nilimsikia akiendelea kubonyeza kamera yake, taratibu, mara moja, kimya, mara moja. Hakugeuka hata kidogo. Mpaka leo nashukuru kwamba hakugeuka. Nilipomaliza alikuwa amekaa, anafuta lenzi kwa pindo la kitenge, akasema, “Umepata baridi. Turudi.”

Kamera ilikuwa ya mwanawe wa mwisho. Kijana yule alipiga picha za harusi mjini Lushoto, alikuwa na jina, hata watu wa Mombo walimpandia mlima kumtafuta. Alifia kwenye kona za barabara ile ile ya Mombo, akirudi na pikipiki kutoka harusini. Mkoba wa kamera ulikutwa majanini ukiwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Baada ya matanga ndugu walisema vitu vya marehemu vigawanywe, na mmoja wao akaishika kamera akiigeuzageuza. Nesi akaichukua mkononi mwake, akaiweka juu ya kabati, akasema, “Hii bado ina kazi.” Hakuna aliyejua kazi gani, hata yeye, aliniambia. Ilikaa pale juu muda mrefu. Siku alipoishusha, alipiga picha kidole gumba chake na dari ya nyumba mpaka betri ikaisha.

“Kwa nini ndege?” nilimuuliza.

“Nilianza kwa kuku,” akasema. “Kuku hawana shukrani.”

Alikuwa na ulimi, hilo sitalificha. Wanawake wa kijiji chote watakuambia alivyokuwa mpole kwenye chumba cha kujifungulia, alivyokupangusa jasho na kukuita mama hata kama ulikuwa binti wa shule. Lakini ukitoka mle ndani, ukavaa viatu vyako, upole ulibaki nyuma. Hakumvumilia mtu mvivu. Alimwonea huruma kipepeo aliyechanika bawa, akamhamisha kutoka njiani kwa jani, kisha akarudi nyumbani akamchinja jogoo bila kubadilisha uso. Alikuwa na binti mmoja, ameolewa Bulwa, kwenye mashamba ya chai, na binti huyo alipokuja likizo nilisikia sauti zao kupitia masale. Binti akipika, chumvi imezidi. Binti akifagia, amefagia vibaya. Siku moja binti alikuja kukaa kwangu barazani, macho mekundu, akaniambia, “Dada, ndege anapewa saa nzima. Mimi nikiongea sentensi ya pili, ameshachoka.”

Nilimwambia Nesi maneno yale, kwa njia ya kuzungukazunguka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ni kweli,” akasema. Akaendelea kuchambua mchele. Na binti alipokuja tena, chumvi ilikuwa imezidi vilevile.

Picha zake hakuziuza. Alishuka Lushoto kwa basi dogo la asubuhi akazisafishe, akarudi nazo kwenye bahasha, akagawa. Mwalimu alipewa yangeyange. Mchungaji alipewa chozi, yule kindege anayefyonza maua, mwenye kifua chekundu akining’inia kwenye ua la mgomba. Mimi, kila Idi, alinivukia masale asubuhi, akanisalimia kwa Kishambaa, “Onga maundo,” akanikabidhi picha ya kipepeo na sahani ya maandazi. Zilizobaki alizibandika zahanati, kwenye ukuta wa chumba cha kusubiria, juu kabisa ya mabango ya uzazi wa mpango. Daktari mgeni alipouliza sababu, alimjibu kwamba mwanamke mwenye uchungu anahitaji kutazama kitu ambacho hakimwulizi swali.

Kwenye kupiga picha alikuwa na misemo yake, na mingine ilitoka kazini kwake kwa zamani. Upepo ukivuma mfululizo, matete yanayumba na ndege anayumba nayo, ukibonyeza unapata ukungu tu. Lakini hakuna upepo usiopumua, alisema. Unakuja, unapanda, unashuka, kisha kuna kimya kifupi kabla ya mwingine. “Ni kama uchungu. Kati ya uchungu na uchungu kuna pumziko. Mtu asiyejua anahangaika wakati wa maumivu, na pumziko linapokuja amechoka.” Nilimwona akisubiri pumziko hilo akiwa amepiga goti mpaka miguu ikafa ganzi, nikamwinua kwa kumshika kwapani, na picha hakuipata. Hakunung’unika. Alisema ndege amekataa, ana haki yake.

Kulikuwa na mwaka mvua za vuli zilipofeli, na mwaka huo ndipo vijana walipoanza kulitazama Bwawani kwa macho mengine. Siwalaumu. Ardhi yetu ya mlimani imegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka shamba la mtu unalivuka kwa kuruka. Kulikuwa na kijana mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mboga, mchapakazi, mwenye heshima, ambaye lori la kabichi likija kutoka Dar es Salaam lilisimama kwake kwanza. Yeye ndiye aliyeomba mkutano. Alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akavua kofia.

“Wazee wangu, shikamooni. Sisi hatuombi msitu. Tunaomba bonde. Baba yangu alipogawa shamba nilipata pa kusimamisha mguu mmoja, na nina mke, na watoto wanakuja. Pale Bwawani kuna udongo mweusi na maji ya bure. Tukichimba mtaro mmoja, maji yanashuka, tunapata mashamba. Ndege wamelalia udongo ambao ungelisha watoto wetu.”

Watu waligonga viganja. Alikuwa amesema vizuri na hakumtukana mtu.

Nesi akasimama. Najua alikuwa amejiandaa, kwa sababu alikuwa na mkoba begani na ndani ya mkoba kulikuwa na picha; tulizichagua pamoja mezani kwangu. Kulikuwa na picha ya chemchemi ya chini, ya akina mama wenye ndoo, ya maji yale yale yakiwa na mdiria juu yake. Alipaswa kuzipitisha kwa watu, mkono kwa mkono. Badala yake alimtazama yule kijana, na hasira ikampanda.

“Wewe,” akasema, “ulitoka tumboni mwa mama yako kitovu kimekuzunguka shingo, umeshakuwa rangi ya zambarau. Nilikupulizia pumzi kwa mdomo wangu. Sikukupulizia ili uje ukaushe maji ya watu!”

Kijana aliinamisha kichwa. Mama yake, aliyekaa miongoni mwa wanawake, alijifunika khanga usoni, na niliona mabega yake yakitikisika. Jambo la chumba cha uzazi lilikuwa limeletwa uwanjani mbele ya wanaume. Mzee mmoja akasema pole pole, “Nesi, hapo umevuka.” Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia habari za chemchemi. Ilipoitishwa mikono, walikubaliana bonde likatwe nusu: sehemu ya juu ibaki hifadhi, ya chini ichimbwe mtaro.

Tulirudi wawili, upepo ukitusukuma kwa nyuma. Tulipofika kwenye masale alisimama.

“Nilikuwa na picha mkobani,” akasema. “Nikawaonyesha ulimi.”

Mtaro ulichimbwa. Sitaki kuueleza sana. Matete yalifyekwa na kuchomwa, moshi ukakaa bondeni, na kijiti cha mdiria kikabaki kimesimama kwenye nchi kavu. Nesi alikwenda kila siku ya kazi ile, akapiga picha: majembe, moshi, vyura waliokuwa wanavuka njia kutafuta maji. Vijana walidhani anakusanya ushahidi wa kuwashitaki, wakamgeuzia migongo. Hakuwa anakusanya kitu. Nilimuuliza anataka kuzifanyia nini, akanijibu kwamba mgonjwa hatembelewi siku anapopendeza tu. Yeye na yule mwenyekiti wa kikundi hawakusalimiana tena. Kwetu hilo ni jambo zito. Kijana kumpita mzee bila shikamoo, na mzee kukubali apite, watu waliona aibu kwa niaba yao wote wawili.

Masika ya mwaka uliofuata ndiyo yale mabaya, yaliyobomoa kingo. Mchana mmoja nilikuwa kwake, mvua inapiga bati hatusikilizani, yeye anasafisha kamera kwa kijiti chenye pamba. Mlango ukagongwa kwa kiganja. Alikuwa yule kijana, amelowa mpaka kwenye kucha.

“Hodi, Nesi. Shikamoo.”

“Marahaba.”

“Mke wangu. Uchungu ulianza jana. Nesi wa zahanati ameshuka Lushoto na mgonjwa, na mlima umeporomoka nyuma yake, gari halipiti. Mama anasema mtoto…” Alishindwa kumalizia. “Mama anasema ameona mguu.”

Nesi alikuwa ameshasimama kabla hajasikia neno la mguu. Alinigeukia. “Chemsha maji hapa hapa, ujaze chupa zote. Lete khanga safi. Glavu ziko kwenye droo ya kushoto.” Kisha akamwambia kijana, “Tangulia, usinisubiri, wewe unakimbia. Mwambie asisukume.”

Nilimfuata na chupa za maji mpaka nyumbani kwa kijana. Nilishika bega la yule mama mtoto kwa nyuma, kwa hiyo niliona uso wa Nesi vizuri. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka miaka hiyo, kikombe cha chai alikishika kwa yote miwili. Ilipofika pale godoroni, ilitulia. Mtoto alikuwa anakuja kwa miguu. Mama mkwe, yule yule aliyejifunika khanga uwanjani, aliinama akitaka kuvuta.

“Acha!” Nesi hakupandisha sauti. “Usimguse. Ukimvuta atainua mikono, na kichwa kitanasa. Mwache ashuke mwenyewe.”

“Nesi, mbona hufanyi kitu?”

“Ndivyo ninavyofanya. Mkunga lazima ajue kukaa bure.”

Tukakaa. Sijui muda gani. Mvua ilikuwa inaingia chini ya mlango. Uchungu ulipopanda Nesi alisema, “Sasa, mama, sasa,” na uliposhuka alinyamaza kabisa, viganja vyake vimefunguka juu ya magoti, na nikauona uso wake ule wa mateteni, macho yamefinywa kidogo, anasubiri. Mwisho kabisa mikono yake ilifanya kitu kimoja tu, cha haraka, kama mtu anayefungua kifungo, na mtoto akawa nje. Wa kike. Hakulia. Nesi akamgeuza, akampangusa mdomo, akampulizia. Akapulizia tena. Ndipo ikatoka sauti nyembamba, kisha kilio, na nje ya mlango nikasikia mwanamume akianguka kwa magoti kwenye matope.

Mama mkwe alimshika Nesi miguu. Nesi akamwambia, “Simama, bibi, tuna kazi ya kufua.” Hawakuwahi kuongea zaidi ya hapo juu ya siku ile ya uwanjani, kwa kadiri ninavyojua.

Yule kijana alikuja baada ya barabara kufunguliwa. Alileta jogoo na gunia la viazi, akaviweka chini, akabaki amesimama.

“Nesi, kesho naufukia mtaro. Nimeshaongea na wenzangu wawili. Tutaufukia.”

Mimi nilikuwa pale. Nilimtazama Nesi nikitegemea kuona furaha. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

“Kwa nini?”

“Kwa ajili ya mtoto. Umenipa mtoto, na mke wangu yuko hai.”

“Hapana,” akasema.

“Nesi?”

“Hapana, baba. Ningekuja hata kama ungekuwa umekausha bonde lote mpaka Mkomazi. Mtoto habadilishwi kwa mtaro. Ukifukia kwa sababu yake, mwakani mazao yakipungua utamtazama yule binti uone kabichi zako. Ukitaka kufukia, fukia siku utakapoona mwenyewe kwamba maji yana maana. Hiyo siku usije kuniambia.”

Nilitamani kumziba mdomo. Kijana aliaga kwa adabu, akaondoka, na mtaro haukufukiwa. Nesi alikaa akiutazama mlango. Nikamwambia kwa hasira, “Alikuwa anakupa kitu unachokitaka kuliko vyote.”

“Najua nilichokuwa nakitaka,” akasema. “Nipe maji ya kunywa.”

Huko mbele, wakulima wengine walipotaka mtaro uendelezwe mpaka sehemu ya juu, niliambiwa ni yule kijana aliyesimama kwenye kikao cha kikundi akasema haiwezekani. Walipomuuliza sababu hakutoa. Akakaa chini, na habari ikaishia hapo. Nusu ya Bwawani ipo. Yangeyange ni wachache, lakini wapo. Nilipompelekea Nesi habari ile alikuwa anaanika njegere. Alinisikia, akaendelea kuzitandaza kwa kiganja, sawasawa, mpaka kwenye pembe za mkeka.

Kusahau kulianza kidogo kidogo. Alikwenda bondeni akarudi na picha nyeusi tupu, hakuwa amefungua kifuniko cha lenzi. Tulicheka wote. Halafu ikawa mara kwa mara, na tukaacha kucheka. Aliniuliza habari za mama yangu, ambaye yeye mwenyewe alikuja kumzika. Alimwamkia mtoto wa shule shikamoo, na mtoto akakimbia. Jioni moja jua likizama hakuwa amerudi, tukamfuata na majirani, tukamkuta amesimama kwenye mashamba ya kabichi, pale chini palipokatwa, kamera mkononi, amegeukia upepo. Hakuwa na hofu. Alituuliza kama na sisi tumewafuata ndege.

Binti alikuja kutoka Bulwa kumchukua. Niliogopa siku ile, nikijua walivyokuwa. Nesi alimlaumu kwa jinsi alivyokunja nguo, akamlaumu kwa jinsi alivyofunga sanduku, na binti akakunjua, akakunja upya, akasema, “Hivi, mama? Sawa, mama.” Walipoondoka, Nesi alikuwa amemshika mkono, na nilishindwa kujua nani anamwongoza mwenzake.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Kutoka kwetu mpaka Bulwa ni kushuka mlima mmoja na kupanda mwingine: Mombo, halafu tambarare yenye joto mpaka Muheza, halafu tena juu, msitu na baridi na chai. Nilifika mchana, nimechoka. Binti alinipokea kwa kunikumbatia. Alikuwa amenenepa kidogo na uso wake ulikuwa umetulia.

“Usihuzunike asipokujua,” aliniambia. “Mimi ananiita Sista. Anadhani ni msimamizi wake wa wodi. Ananiheshimu sana.” Akacheka, akafuta macho. “Miaka yote nimeitafuta hiyo heshima.”

Nesi alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kiti, shali mabegani. Alikuwa amepungua, lakini nywele zimesukwa vizuri. Mbele yake chai ilishuka na mteremko mpaka kwenye kijito, na upepo ulikuwa unapita juu ya chai, unailaza na kuiinua.

“Shikamoo, Nesi.”

“Marahaba, mama. Karibu. Umetoka mbali?”

“Nimetoka Lushoto.”

“Lushoto!” Uso ukamchangamka. “Basi wewe ni mtu wa nyumbani. Kaa, kaa.”

Nikakaa kwenye majani karibu na miguu yake. Nilimwambia mimi ni fundi cherehani, na yeye akasema kazi ya cherehani ni nzuri, inamkalisha mtu nyumbani. Alikuwa na jirani fundi, alisema, mwanamke mpole, Mwislamu, sijui siku hizi yuko wapi. Nikamwambia bila shaka ni mzima. Akasema, “Alhamdulillahi,” kama alivyozoea kuniambia mimi, kwa kunipa heshima yangu.

Tulitazama chai muda. Kipepeo mweusi mwenye milia ya buluu alijaribu kuvuka, upepo ukamrudisha, akajaribu tena chini zaidi, karibu na majani, akavuka. Nesi alimfuata kwa macho mpaka mwisho. Hakuinua mkono kutafuta kitu.

“Kuna mahali kwetu,” akasema, “panaitwa Bwawani. Umepafika?”

Nilimvutia shali begani.

“Bado,” nikasema.

“Hujapafika!” Akanisogelea, akanishika kiganja kwa mikono yake miwili iliyokuwa inatetemeka. Akaanza kunieleza. Alinieleza njia, kona baada ya kona, na nani analima wapi. Alinieleza matete yanayoanzia kwenye mti wa mkuyu upande wa chini na kwenda mpaka msituni bila kukatika. Alinieleza maua ya zambarau, na yangeyange waliojaa, na maji yaliyo wazi pale pale ambapo leo, ninaposimama na ndoo yangu, naona matuta ya kabichi na mtaro. Hakuna alichosahau. Lilikuwa bonde zima, la kabla ya mkutano, na ndani yake hakukuwa na mtu yeyote mwenye jembe.

Sikumsahihisha.

“Nitakupeleka,” akasema. “Mwanamke asiyepafika pale hajaona kitu. Nitamwomba Sista ruhusa, tutakwenda mimi na wewe.”

“Lini, Nesi?”

Akageuka kuutazama upepo kwenye chai, akaupima kama anayepima joto la mtoto.

“Siku kama ya leo,” akasema. “Lakini njoo na viatu vya mpira, mama. Maji yamejaa huko.”

Nikamwambia nitakuja navyo.